Kosa Lililonyamazishwa

Msomaji mpenzi, katika kazi za binadamu hakuna hata moja iliyosalimika na makosa. Seremala hukata ubao ukawa mfupi, mshonaji hupinda mshono, na mpishi hutia chumvi mara mbili katika chungu kimoja. Makosa ya namna hii huonekana, na kwa kuwa huonekana hutengenezeka. Liko, walakini, kosa la namna nyingine ambalo hasara yake hupita hasara ya haya yote. Nalo ni kosa lililotokea, likataka kusema, likazibwa kinywa. Nataka kukusimulia habari za kosa moja la namna hiyo, kwa sababu aliyeliziba kinywa ni mimi, na aliyelipa gharama yake ni mwingine.

Mimi ni mwalimu. Chuo cha ualimu kilinifunza kuandaa somo, kusahihisha madaftari na kutunza orodha ya maksi. Elimu ya kuandika programu za kompyuta niliitafuta mwenyewe baadaye, jioni baada ya kazi, kwa vitabu na kwa kujaribujaribu. Mwaka 2019 nilikuwa nikifundisha somo la kompyuta katika shule moja ya sekondari ya kutwa. Maabara yetu ilikuwa na kompyuta 20 za wanafunzi na moja ya mwalimu, ambayo diski yake ilikuwa ndogo na kuukuu. Kila Ijumaa wanafunzi walitakiwa kutoa kazi zao. Ili nisizunguke na flashi kutoka meza hadi meza, niliandika programu fupi kwa lugha iitwayo Python. Programu hiyo ilifanya mambo matatu kwa mfuatano. Ilinakili faili la mwanafunzi na kuliweka katika kompyuta ya mwalimu. Ilifuta faili la asili ili darasa lijalo likute nafasi. Kisha iliandika katika skrini maneno haya: Kazi yako imepokelewa.

Juma la kwanza programu ilinisumbua. Mwanafunzi mmoja alikuwa amelipa faili lake jina lisilotakiwa, mwingine alikuwa amesahau kulihifadhi. Programu ilipolitafuta faili isilione, ilisimama na kumwaga katika skrini mistari mirefu ya Kiingereza. Wanafunzi waliogopa, wakaniita kutoka kila pembe ya chumba: "Mwalimu, imeharibika!" Nikachoka. Basi nikaongeza maneno machache kuizunguka kila hatua ya programu. Maana ya maneno hayo ilikuwa hii: jaribu kufanya kazi hii, likitokea kosa lolote la mfumo, pita tu, endelea na hatua inayofuata. Tangu siku ile maabara ikawa kimya, nami nikaudhani ukimya ule kuwa ni usalama. Tafadhali, msomaji, lishike neno "lolote", kwa kuwa ndilo lililonipoteza.

Katika muhula wa pili alikuwapo katika kidato cha tatu msichana mmoja mpole, ambaye jina lake nitalihifadhi. Kazi aliyoichagua ilikuwa kutengeneza katika kompyuta daftari la hesabu za chama cha akina mama wa kijijini kwao: majina ya wanachama, michango ya kila juma, mikopo na marejesho. Aliifanya kwa majuma manne. Ijumaa ya kutoa kazi alikuwa wa mwisho kuondoka katika maabara, kwa kuwa alikuwa akihakiki hesabu zake mara ya pili. Jumatatu nilipoifungua folda ya kazi zilizotolewa, niliona faili lenye jina lake. Ukubwa wake ulikuwa baiti 0. Lilikuwa kama bahasha iliyoandikwa anwani kwa mkono mzuri, na ndani hamna barua.

Nilimwita mbele ya darasa.

"Kazi yako iko wapi?"

"Niliitoa, Mwalimu. Kompyuta iliniandikia kwamba imepokelewa."

"Kompyuta haisemi uongo," nilimjibu. "Umeleta faili tupu ili upate siku za kumalizia."

Akainamisha kichwa, asiseme neno tena. Nikauchukua ukimya wake kuwa ni kukiri, kama nilivyouchukua ukimya wa programu yangu kuwa ni usalama. Nilimwandikia sifuri, nikatuma barua nyumbani kwao kumwita mzazi.

Mama yake alikuja siku ya Alhamisi, akaketi ukingoni mwa kiti kama mtu asiyetaka kukichafua. Akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema kwa sauti ya taratibu, "Mwalimu, mtoto wangu ana makosa yake, nami nayajua. Lakini uongo hana. Kila jioni alikuwa akiniuliza hesabu za chama mpaka nikasinzia."

"Mama," nilimwambia, "mashine haina sababu ya kumwonea mtoto."

Akaaga, akaenda zake. Nami nikaona kwamba nimeshinda.

Ijumaa iliyofuata kidato cha pili walitoa kazi. Jumatatu yake nikakuta mafaili matatu matupu, yakifuatana, yote ya wanafunzi waliotoa mwishoni. Mmoja wao alikuwa mwanafunzi hodari kuliko wote katika darasa lile. Hapo ndipo moyo wangu ulipoanza kuniuma. Niliweza kuamini kwamba mtoto mmoja amenidanganya. Lakini sikuweza kuamini kwamba watoto watatu wamepatana kunidanganya kwa namna moja, kwa saa moja, bila ya sababu. Jioni ile nilibaki maabara peke yangu. Nikayaondoa yale maneno yangu ya kupita, nikatengeneza faili la majaribio, nikalitoa kama mwanafunzi. Mashine iliyokuwa imezibwa kinywa ikasema mara moja. Ilisema kwamba limetokea kosa la mfumo namba 28, na maana ya namba hiyo ni kwamba hakuna nafasi iliyobaki katika diski.

Diski ya mwalimu ilikuwa imejaa. Ilijaa kwanza jioni ile msichana alipotoa kazi yake. Katikati ya juma nilikuwa nimefuta picha chache za sherehe ya shule, nikaifungulia nafasi kidogo bila ya kujua, na Ijumaa ikajaa tena. Kulisajili jina la faili ni jambo dogo, na diski iliyojaa huweza kulipatia nafasi. Kulijaza faili ndiko kusikowezekana. Kwa hiyo mafaili yaliandikwa majina yakabaki matupu. Programu yangu ikakutana na kosa, ikapita kama nilivyoiagiza. Ikafuta kazi ya asili. Kisha ikamwandikia mtoto kwamba kazi yake imepokelewa. Nilikuwa nimesema kwamba kompyuta haisemi uongo. Uongo ule niliutunga mimi, nikauweka katika kinywa chake.

Sasa ruhusu, msomaji, nikueleze jambo hili lilivyo kwa ndani, maana huenda kesho ukaandika programu wewe mwenyewe.

Programu haina ruhusa ya kuigusa diski kwa mkono wake. Kati yake na mashine yuko msimamizi, nao ni mfumo wa uendeshaji, kama vile Linux au Windows. Mfano wake ni karani wa ghala. Anayetaka gunia la mahindi haingii ghalani akajichukulia. Husimama dirishani akaomba. Programu nayo huomba: nifungulie faili hili, nisomee, niandikie, nifutie. Kwa kila ombi karani hutoa jawabu moja kati ya mawili. Ama amelitimiza, ama ameshindwa, na kama ameshindwa hutaja sababu.

Desturi ya kuzipa sababu hizo namba ni ya zamani. Mfumo wa Unix ulianza mwaka 1969 katika maabara za Bell huko Marekani, kwa kazi ya Ken Thompson na Dennis Ritchie. Katika mfumo huo, na katika lugha ya C ambayo Ritchie aliitunga mwanzoni mwa miaka ya 1970, ombi lililoshindwa hurudisha kwa kawaida hasi 1, na namba ya sababu huwekwa kando, mahali paitwapo errno. Namba 2 maana yake faili halipo. Namba 13, ruhusa imekataliwa. Namba 17, faili la jina hilo lipo tayari. Namba 21, ulichokidhania kuwa faili ni folda. Namba 28, nafasi imekwisha. Linux inazitumia namba hizo hata leo. Windows ina daftari lake lingine, ambamo kunyimwa ruhusa ni namba 5 na diski kujaa ni namba 112. Na maktaba ya Python hufanya kazi ya mkalimani, ikizifasiri namba za Windows kwa zile za kale, ili mtunzi asilazimike kujua madaftari mawili.

Desturi hiyo ya C ni nyepesi, lakini ina udhaifu mmoja mkubwa. Hakuna anayemlazimisha mtunzi wa programu kutazama kando. Asipotazama, kazi huendelea kama kwamba ombi limetimizwa, kama mtu aliyeambiwa dirishani kwamba mahindi yamekwisha, naye akaenda zake na gunia tupu begani, akiimba.

Lugha ya Python, iliyotungwa na Mholanzi Guido van Rossum na kutolewa kwa watu mwaka 1991, inafuata njia nyingine. Maktaba yake sanifu, yaani hazina ya zana zilizokwisha tengenezwa ambazo huja pamoja na lugha, huipokea namba kutoka kwa karani na kuigeuza kuwa kilio. Kilio hicho huisimamisha kazi pale pale. Kisha hupanda kutoka katika sehemu iliyoomba hadi katika sehemu iliyoituma, na kutoka hapo hadi juu yake tena, kikitafuta mwenye kukijibu. Kisipompata, programu hufa, na maneno yake ya mwisho hubaki katika skrini. Kumbe mistari mirefu iliyonikera juma la kwanza ilikuwa ndiyo hayo maneno ya mwisho. Ulikuwa ni ushahidi, nami nikaufanya kuwa kelele.

Hata hivyo, kwa miaka mingi vilio hivyo vilikuwa na majina yenye fujo. Sehemu moja ya maktaba ilikiita kilio IOError, nyingine ilikiita OSError, sehemu ya mawasiliano ya mtandao ilikuwa na jina lake, na Windows jina lake. Na ndani ya jina moja yalikaa pamoja makosa yasiyofanana hata kidogo. Mtu aliyetaka kulijibu kosa la faili lisilopo, na hilo tu, ilimbidi akipokee kilio kizima, aitafute namba yake, ailinganishe na 2, na ikiwa siyo, akiachilie kilio kiendelee na safari. Ilikuwa kazi ya kuchosha, na kazi ya kuchosha huzaa mkato. Ndipo mtunzi mmoja wa Python, Antoine Pitrou, alipotoa pendekezo lililopewa namba 3151. Lilikubaliwa mwaka 2011, likaingia katika Python 3.3 iliyotolewa mwaka 2012. Majina yale ya fujo yalikusanywa chini ya jina moja, OSError, likawa kama jina la ukoo. Chini yake wakawekwa watoto, kila mmoja na jina lake. FileNotFoundError ni kosa la faili lisiloonekana. FileExistsError ni kosa la faili ambalo lipo tayari. PermissionError ni kosa la kunyimwa ruhusa. Wako na wengine. Si kila namba iliyopata mtoto. Namba 28, kwa mfano, hukaa chini ya jina la ukoo mpaka leo, na anayeitaka hana budi kuitazama namba yenyewe.

Basi ona, msomaji, jinsi nilivyokosa udhuru. Mwaka 2019 ilikuwa imepita miaka 7 tangu kosa nililotaka kulijibu lipewe jina lake mwenyewe. Ningaliliandika jina hilo la mtoto mmoja, diski ilipojaa kilio kingalinipita, kingaliisimamisha programu kabla ya kufika hatua ya kufuta, na kazi ya msichana yule ingalibaki salama katika kompyuta yake. Mimi nikaandika jina la ukoo mzima. Nilikuwa kama mtu mwenye jamaa mmoja msumbufu, apendaye kubisha hodi kila siku kwa maneno madogo. Kwa kuchoka naye, akamwagiza mlinzi wa lango kwamba yeyote wa ukoo ule akija aambiwe kwamba mwenye nyumba hayupo. Ikafika siku mjumbe wa msiba alikuja mbio kutoka katika ukoo huo huo, naye akarudishwa langoni kama alivyoagizwa mlinzi.

Kanuni ya kwanza, basi, ni hii. Lijibu kosa unalolijua na ambalo una dawa yake. Usilolijua liache lipite liende juu, lisimamishe kazi ikiwa hapana budi. Programu iliyosimama inamwaibisha aliyeitunga kwa muda. Programu iliyoendelea na uongo humdhulumu anayeitegemea, na huenda asijue kamwe.

Dawa ya kwanza niliyoijaribu usiku ule haikuwa hiyo. Nilifikiri kuwa werevu ni kuuliza mapema. Nikaiandika programu iulize kwanza ni nafasi kiasi gani iliyobaki katika diski, na ikitosha ndipo inakili. Lakini nilipokaa na kuwaza, niliona tundu lake. Unapomtuma mtoto dukani akaulize kama sukari ipo, akarudi na jawabu kwamba ipo, sukari ile haikuwekwa kando kwa ajili yako. Ukifika waweza kukuta mwingine amekwisha inunua. Ijumaa saa ya kutoa kazi, kompyuta 20 zaweza kuuliza kwa dakika moja. Zote zitaambiwa kwamba nafasi ya faili moja ipo, zote zitaanza kunakili, na atakayetangulia ndiye atakayeipata. Kati ya kuuliza na kutenda pana mlango, na mambo hupita katika mlango huo. Kuuliza mapema kwafaa kwa kumwonya mtu, lakini hakumwondolei wajibu wa kusikiliza jawabu la ombi lenyewe.

Kanuni ya pili inahusu nani ajibu. Liko kosa namba 4, ambalo maana yake ni kwamba ombi limekatizwa na ishara iliyokuja katikati ya kazi. Aghalabu dawa yake ni moja: kuomba tena. Kwa miaka mingi watunzi wa Python iliwabidi waiandike dawa hiyo wenyewe, na waliosahau waliumbuka. Tangu Python 3.5 ya mwaka 2015, maktaba yenyewe hulirudia ombi, na mtunzi hasumbuliwi, isipokuwa kama yeye mwenyewe ameagiza kwamba ishara hiyo imsimamishe. Hilo ni jambo la haki, kwa kuwa maktaba inaijua dawa. Lakini diski ikijaa maktaba itafanya nini? Ifute kazi ya nani ili impe nani nafasi? Imngoje nani? Hukumu hiyo ni ya mwenye kazi, wala haiwezi kufanywa na asiyejua kwamba faili moja ni picha ya sherehe, na jingine ni jasho la mtoto la majuma manne.

Kanuni ya tatu ni ya risiti, na katika biashara zote risiti hutolewa baada ya mali kupokelewa. Maktaba ya Python hukusanya kwanza maandishi madogo katika kumbukumbu, kisha huyapeleka kwa karani kwa mafungu. Kwa sababu hiyo amri ya kuandika yaweza kupita salama, na kosa likaja baadaye, wakati wa kulifunga faili. Anayesema "imepokelewa" kabla faili halijafungwa huwa ametoa risiti ya mzigo ambao bado uko njiani. Programu yangu mpya hunakili, hufunga, hulinganisha ukubwa wa nakala na ukubwa wa asili, na baada ya hapo ndipo huandika neno la kupokea. Hatua ya kufuta niliiondoa kabisa. Siku hizi kazi za zamani huzifuta mwenyewe kwa mkono wangu, mwisho wa muhula, baada ya kusahihisha.

Haya yote niliyapanga usiku mmoja. Lililobaki halikuwa la kupangwa kwa programu.

Asubuhi nilisimama mbele ya kidato cha tatu, mahali pale pale niliposimama kumshitaki mwenzao. Niliwaeleza habari ya diski, na ya namba 28, na ya maneno niliyoyaongeza kwa kuchoka. Kisha nikamwambia msichana yule, wote wakisikia, kwamba alisema kweli, na kwamba mwalimu wake ndiye aliyekosa, mara ya kwanza kwa programu yake na mara ya pili kwa ulimi wake. Nilimwomba radhi. Alisimama kidogo bila ya kusema. Halafu akasema, "Asante, Mwalimu. Mimi nilikuwa nimekwisha amini kwamba nilibonyeza vibaya."

Msomaji, neno hilo lilinichoma kuliko kama angalilia au kunilaumu. Nilidhani nimemnyima maksi tu. Kumbe nilikuwa nimemnyima hata imani ya macho yake mwenyewe. Aliiona skrini, akalisoma neno, akajua alilolifanya. Lakini mashine na mwalimu walipokuwa upande mmoja, na yeye peke yake upande wa pili, alijitia hatiani mwenyewe.

Jumamosi ile nilikwenda kwao. Nilimwambia mama yake yale niliyoyasema darasani, nikamrudishia nauli aliyoitoa kuja shuleni, naye akaipokea baada ya kukataa mara mbili. Kisha akaniuliza swali moja, "Sasa, Mwalimu, ile kazi yake itarudi?"

"Haitarudi, Mama," nilimjibu. "Imefutwa."

Akaingia ndani, akatoka na daftari la karatasi la chama, lenye majalada yaliyolegea, akampa mtoto wake. Kwa majuma matatu msichana yule alikaa maabara baada ya masomo akiijenga kazi yake upya kutoka katika daftari lile, nami nilikaa naye ili chumba kisifungwe. Alipata maksi nzuri. Nilipompongeza, alishukuru, akaongeza kwa unyofu kwamba ile ya kwanza ilikuwa nzuri zaidi. Sina njia ya kujua. Ile ya kwanza hakuna aliyeiona ila yeye.

Wahenga walisema kwamba mficha maradhi kifo humuumbua. Nilipokuwa mtoto nilidhani methali hiyo ni ya wagonjwa peke yao. Sasa najua kwamba ni ya kila mwenye kutunza kazi inayotegemewa na wengine. Huenda wewe, msomaji, ukaandika siku moja programu ya hospitali, au ya benki, au ya chama cha akina mama wa kijijini kwenu. Itakufikia jioni ya kuchoka, ambapo mistari mirefu itajaa skrini na watu watakuita kutoka kila pembe, nawe utajua maneno mafupi yanayoweza kuinyamazisha yote mara moja. Jioni hiyo ikikufikia, likumbuke faili la baiti 0.

Katika maabara yangu siku hizi mistari ile mirefu ikitokea haimwogopeshi mtu. Jambo la kwanza ninalowafunza wanafunzi ni kuanza kuisoma kutoka chini, kwa kuwa katika Python mstari wa mwisho ndio wenye jina la kosa, na mara nyingi namba yake, na jina la faili lililohusika. Mtoto huinua mkono na kusema, "Mwalimu, kuna kosa hapa." Nami huacha ninalolifanya, nikaenda, tukasoma pamoja.